Miaka ya Suruali Pana

Mwaka 1971 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa na suruali mbili, moja ya kazi na moja ya kanisani. Zote zilikuwa nyembamba, zikiishia juu ya vifundo vya miguu, kwa sababu ndivyo wanaume wa Arua, mji wetu wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, walivyovaa wakati ule: suruali ya kubana, shati jeupe la mikono mirefu na, kama mtu alijiweza, viatu vyeusi vilivyochongoka. Nilizishona mwenyewe. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa karibu na soko kuu. Cherehani ilikuwa ya mjomba wangu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, aliniachia, akarudi kulima kijijini Pajulu.

Siku hizo nguo ilikuwa jambo la kungojewa. Mtu aliingia dukani, akapapasa kitambaa kwa muda mrefu, akakitoa nje ili aione rangi yake juani, ndipo akanijia nimpime. Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine hatukuitaka. Kulikuwa na rundo dogo lililoletwa na watu wa Kongo, likiuzwa nyuma ya soko, lakini tuliziita nguo za marehemu. Tuliamini hakuna Mzungu ambaye angevua koti zima lisilo na tundu akalipeleka mbali hali yu hai. Nilikuwa mmoja wa wale waliowacheka watu walioinama kwenye rundo lile.

Mwaka uliofuata Wahindi waliamriwa kuondoka. Mwenye duka alifunga milango yake asubuhi moja, akanipa mkono, akaniomba nimwangalizie paka. Duka likapewa mtu wa Koboko aliyekuwa na ndugu jeshini. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakujua vitambaa vilikotoka, na mimi pia sikujua. Aliuza vilivyokuwa rafuni, na vilipokwisha akauza rafu zenyewe. Nikabaki nimekaa nyuma ya cherehani kutwa nzima, nikishona viraka, na paka amelala juu ya kanyagio.

Hapo ndipo yule mwanamke aliponijia. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa mmoja wa Wakongo waliouza mitumba nyuma ya soko. Alikuwa mrefu, na umri wake nadhani ulilingana na wangu. Alifunga kitenge chake juu kidogo kuliko wanawake wa kwetu, na alitembea kama mtu aliyekwisha kujua atasema nini akifika.

"Cherehani yako iko nalala," alisema.

"Hakuna kitambaa, dada."

"Miye niko na nguo, sina cherehani. Wewe uko na cherehani, huna nguo. Sasa tunakaa namna hii mpaka lini?"

Chini ya kwapa alikuwa na suruali tatu, nyembamba kama zangu, za sufu nzuri ya kijivu. Akazitandaza mezani pangu. Tatizo, alisema, ni kwamba hakuna kijana aliyezitaka tena. Krismasi iliyopita watoto wa wanajeshi walikuwa wamerudi kutoka Kampala na suruali zilizobana mapajani kisha zikafunguka kuanzia magotini, zikafunika viatu kabisa. Tuliziita belbotomu. Mmoja wao alivuka barabara mbele ya soko siku moja, na wanaume waliokuwa wakipakia magunia ya tumbaku waliacha kazi wakamtazama hadi alipopotea. Tangu siku ile mwanamume mwenye suruali ya kubana alionekana kama mtu aliyevaa nguo ya mdogo wake.

Akachukua chaki yangu, akachora mstari kutoka goti hadi pindo.

"Pasua hapa. Weka kitu katikati."

"Kitu gani?"

"Kitu yoyote. Pazia."

Ya kwanza niliitia vipande vya pazia lenye maua mekundu, vilivyokatwa pembetatu, viwili kila mguu. Niliona aibu nilipokuwa nikiipiga pasi. Akainunua mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye miwani, akaivaa kanisani Jumapili. Jumatatu asubuhi nilipofika barazani niliwakuta wanaume sita wakiningoja, kila mmoja na suruali yake mkononi.

Basi nikahamisha cherehani yangu nyuma ya soko, karibu na meza yake. Kwa miaka minne hivi tulifanya kazi bega kwa bega. Yeye alichagua, mimi nilipasua na kushona. Nguo ambazo tulikuwa tumeziita za marehemu zilikuwa sasa ndizo nguo za mjini, na wale walionicheka mimi nilipohamia kule walikuja mmoja mmoja, mwanzoni wakijifanya wanamtafuta mtu. Nilijifunza kwake mambo ambayo mjomba hakunifundisha: kunusa kwapa la koti kabla ya kulipokea, kuvuta uzi mmoja na kuuchoma ili nijue kama ni sufu au nailoni, kutazama kola kwa ndani. Kola zilizidi kuwa kubwa mwaka hadi mwaka. Mashati yalikuja yenye kola kama masikio ya tembo, ya rangi ambazo hatukuwa na majina yake, na vijana wakayavaa vifungo vitatu vikiwa wazi. Viatu vikapata soli nene kama tofali. Nywele zikafugwa zikawa duara. Kila kitu kilichofika Kampala mwaka huu kilitufikia mwaka uliofuata, lakini kwetu kilidumu zaidi.

Nilipokwenda nyumbani Aroi na belbotomu yangu ya kwanza, baba yangu alikuwa akipalilia mihogo. Nyumbani tulisema Kilugbara, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa Kiswahili changu.

"Hiyo inafagia njia," alisema, bila kuinua jembe lake.

"Ndivyo watu wanavyovaa mjini, baba."

"Sawa. Mama yako atafurahi. Pita pale uani mara mbili, hajafagia leo."

Mama alicheka hadi akaketi. Baba mwenyewe hakucheka, lakini jioni nilipokuwa nikiondoka alishika pindo, akalikunja kwa vidole, akauliza mshono ule niliufanyaje. Kisha akaniambia kwamba wazee wa ukoo walikuwa wamezungumza na familia moja ya hapo Aroi juu ya binti yao. Niliitikia kama mtu anavyoitikia habari za mvua.

Kwa maana wakati huo nilikuwa nimeanza kumngojea yule mwanamke kila asubuhi. Sikuliita jambo hilo kwa jina lake. Nilijiambia kwamba nangojea kazi. Lakini siku alizokwenda Kongo kuchukua mali nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Alikuwa na mtoto wa kike aliyelelewa na mama yake huko Aru, ng'ambo ya mpaka. Baba wa mtoto alikuwa amefariki. Aliniambia hayo siku moja akiwa anakunja soksi, akaendelea kukunja, nami nikaendelea kushona. Nilitaka kusimamisha gurudumu la cherehani nimwambie pole. Nikamwambia, lakini gurudumu lilikuwa linazunguka, na sijui kama alisikia.

Mara moja nilikwenda naye Ariwara, soko kubwa la Kongo alikonunua mali. Tulikwenda kwa baiskeli mbili. Nilitaka kuona jinsi robota la mitumba linavyofunguliwa. Mwenye mali alikata kamba kwa panga, na nguo zilizokuwa zimebanwa kwa miezi zikainuka polepole, kama unga uliotiwa chachu. Zikatoa harufu ya dawa ya nondo na ya nyumba za watu. Wanawake waliingiza mikono hadi mabegani. Yeye hakukimbilia, alisimama kando akitazama rangi, kisha akanyoosha mkono mara moja akavuta shati.

Lilikuwa la rangi ya kahawa yenye maziwa, lenye majani makubwa ya kahawia yaliyochapwa, mikono mirefu, kola pana. Mfukoni mlikuwa na tiketi ya basi yenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Akalipima mgongoni kwangu, mbele ya watu wote, akilinyoosha mabegani kwa viganja vyake.

"Hii si ya meza," alisema. "Hii iko yako."

"Nitalipa."

"Miye nilisema kulipa?"

Mpaka leo najua uzito wa viganja vile.

Siku za soko la Koboko tulikuwa tunapanda lori na mafurushi yetu. Koboko ilikuwa na familia nyingi za wanajeshi, Waislamu na Wakristo, na vijana wao walivaa kuliko vijana wa Arua. Walitaka koti la jinzi, walitaka safari suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, walitaka miwani. Walikuwa wateja wazuri, wengi wao, wakarimu na wenye mzaha. Lakini kulikuwa na siku ambazo hukujua mteja ni mteja au ni nani.

Ilikuwa siku moja ya namna hiyo. Nilikuwa nimevaa lile shati la majani. Akaja mtu mmoja aliyekuwa likizo kutoka kambini, hajavaa sare, lakini bastola ilionekana pale fulana yake ilipopanda. Alitazama meza yote, hakugusa kitu. Kisha akanitazama mimi.

"Hiyo shati wewe natoa wapi?"

"Ariwara, afande."

"Mimi nataka hiyo."

"Hii nimeivaa, afande. Tuna nyingine, ngoja nikuonyeshe."

"Mimi hapana taka ingine. Toa."

Watu wa meza za jirani wakaanza kupanga upya vitu vyao. Nilikuwa nimekwisha kufungua kifungo cha pili. Sikuwa na aibu hata kidogo; nilikuwa na hofu tu. Ndipo yule mwanamke alipoinuka kutoka kwenye kiti chake, akaja akasimama kati yetu, mikono kiunoni, akiwa mrefu kuliko yule bwana kwa vidole viwili.

"Afande, hiyo si ya kuuza. Hiyo miye nilimupa. Huyu iko bwana yangu. Wewe unaweza kuvaa shati ambayo mwanamuke mwingine alimupa bwana yake? Mama ya watoto yako atauliza nini?"

Kisha yule mtu akacheka. Alicheka kweli, akanipiga begani, akaniambia nina bibi mkali, akaondoka na koti la jinzi ambalo hatukuthubutu kumtajia bei.

Nikafunga vifungo vyangu. Yeye alirudi kwenye kiti chake, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Njia nzima ya kurudi Arua tulikaa juu ya mafurushi, magoti yakigusana kila lori lilipoingia shimoni, na sikusema neno. Nilitaka kumwuliza kama lile neno, kwamba mimi ni bwana yake, lilikuwa la kumdanganya afande tu. Nililipanga swali kwa Kiswahili, nikalipanga kwa Kilugbara, nikaligeuza huku na huku. Tulipofika alishuka kwanza. Alisimama chini, akinitazama juu, muda ambao mtu huchukua kupokea furushi. Nikamshushia furushi.

Sijui kwa nini sikusema. Nimejiuliza kwa miaka mingi. Niliogopa wazee wa ukoo, hilo ni kweli. Niliogopa maneno ya watu, kwamba fundi ameoa mjane wa Kongo na mtoto asiye wake. Lakini nadhani zaidi nilidhani kuna muda. Alikuwa pale kila asubuhi. Mtu hahangaiki kuomba kile ambacho kila asubuhi kipo.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Sukari iliadimika, sabuni iliadimika, uzi nao ukaadimika, hata nikawa nashona kwa nyuzi nilizofumua kwenye sweta. Kwenye njia ya mpaka magogo yalilazwa barabarani, na mali zilichukuliwa na watu wenye bunduki ambao hawakuandika popote. Mara mbili yule mwanamke alirudi Arua na kitenge alichokivaa tu. Mara ya pili alikaa kwenye meza tupu hadi mchana, akanisikiliza nikishona.

"Fundi."

"Naam, dada."

"Iko mutu moja kule Bunia. Ana duka. Anataka kunioa."

Nilikuwa nimeshika suruali ya mteja, nikipima pindo. Naikumbuka: ya kitambaa cha kodrai, rangi ya udongo, na pindo lake lilikuwa pana kuliko yote niliyowahi kushona. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka zote kwenye kimto cha pini.

"Ni mtu mzuri?" nikauliza.

"Iko muzuri."

"Basi ni vizuri."

Alinitazama kidogo. Halafu akaniuliza kama suruali ile ingekuwa tayari kesho, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amepita kuiulizia, nami nikasema itakuwa tayari. Wiki iliyofuata aliuza meza kwa mwanamke wa Dadamu. Aliagana na kila mtu kwa mkono, na mimi pia kwa mkono. Huo ulikuwa mwaka 1977, mvua zikikaribia.

Niliendelea kushona. Mwanamke wa Dadamu alikuwa mwema na mcheshi, lakini hakujua kuchagua. Aliniletea mashati ya wanawake akidhani ni ya wanaume. Vijana waliniambia kwamba Kampala belbotomu zimeanza kuchekwa, kwamba suruali zinarudi kuwa nyembamba. Sikuwaamini. Wazee wa Aroi walichoka kuningoja na yule binti akaolewa kwingine, tena vizuri.

Mwaka 1979 vita vilitufikia. Wanajeshi walioshindwa walipita Arua wakielekea kaskazini, wengine wakivua sare kando ya barabara na kuomba nguo yoyote ya raia. Meza za mitumba zilimalizika kwa siku mbili bila kuuzwa. Kisha sisi nasi tukaondoka. Nilifunga kichwa cha cherehani kwenye baiskeli, nikawachukua baba na mama, tukavuka hadi Ariwara pamoja na maelfu ya watu. Njiani nilibadilisha nguo zangu nzuri kwa muhogo, shati la majani likiwamo. Aliyelipokea alikuwa mkulima. Hakuuliza limetoka wapi, wala mimi sikumweleza.

Ariwara niliweka cherehani chini ya turubai, nikapata kazi siku hiyohiyo. Watu walikuja na nguo walizokimbia nazo. Wanaume walivua belbotomu zao wakaniomba nikate ule upana wote wa chini, kwa sababu pembetatu nne zilizotoka kwenye suruali moja zilitosha kumshonea mtoto kaptula. Nilikata mapana ambayo nilikuwa nimeyatia kwa mkono wangu. Nilitambua mishono. Wazazi waliondoka wakiwa wamevaa suruali nyembamba na watoto wao wamevaa maua ya pazia, na hakuna aliyecheka.

Kila siku nilitazama wanawake waliopita. Niliuliza kwa wauza mitumba wa zamani. Waliniambia yuko Bunia, ameolewa, ana duka. Niliacha kuuliza, lakini macho yalikataa kuacha.

Alikuja mwezi wa tatu wa ukimbizi wetu, mchana, kwa lori la mizigo. Nilimwona kabla hajaniona, akienda kutoka fundi mmoja hadi mwingine, akiinama kutazama chini ya kila turubai. Alikuwa amenenepa kidogo, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Nikasimama. Aliponiona, hakukimbia. Alikuja akaketi kwenye benchi la wateja.

"Nilisikia batu ya Arua iko hapa," alisema. "Nikasema, kama iko mzima, atakuwa anashona."

"Niko mzima, dada. Huyu ni wako?"

"Iko wangu. Kijana."

Alikuwa amebeba maharage na samaki mkavu katika kikapu, akampa mama yangu. Akamwamkia baba kwa heshima, na baba, ambaye hakujua ni nani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru. Tulizungumza nusu saa hivi. Aliniuliza habari za mwanamke wa Dadamu, za paka, za soko. Kisha dereva wa lori akapiga honi, naye akainuka, akamkaza mtoto mgongoni.

"Kulikuwa na neno nilitaka kukuambia," nikasema. "Zamani, tulipokuwa Arua."

"Najua."

"Ulijua?"

"Fundi, miye nilikaa karibu yako miaka ine. Nilikuwa nangoja tu mdomo yako iseme." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake njia. "Sasa niko na bwana muzuri. Ananisemesha."

"Nimefurahi."

"Wewe pia oa. Na umusemeshe."

Akanigusa begani, mahali pale kola inapokutana na mshono, akaenda. Nililitazama lori likigeuka. Alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, akimfunika mtoto uso dhidi ya vumbi, na hakugeuka nyuma. Barabara ya kwenda Bunia imenyooka kwa kipande kirefu pale Ariwara, kwa hiyo nililiona lori kwa muda mrefu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akiningoja nimtilie kifungo. Nilimwomba radhi, nikamwambia angoje kidogo, naye akangoja.

Nilioa miaka mitatu baadaye, mwanamke mwema, na nilimsemesha tangu siku ya kwanza, hata akaniuliza kama mafundi wote ni wasemaji namna hiyo.